SOMO: DALILI IKIONEKANA, NANI ASIMAME?

Mashine zenye akili na hatari nyingine zinazozidi uwezo wa kijiji kimoja

(Kwa mwezeshaji: Somo hili ni la mikutano miwili. Soma kila sehemu kwa sauti, polepole, kisha uache watu waseme. Kama kuna wazee wasiosikia Kiswahili vizuri, watafsiriwe kwa Kisomali, Kiorma au Kipokomo kabla ya kuendelea. Ubao na chaki vinatosha. Kama hakuna ubao, tumieni mchanga.)



Siku hizi redio imejaa maneno ya akili bandia. Wengine wanaiita akili mnemba, wengine akili unde. Ni kitu kilekile. Tunasikia kwamba ni mashine inayoweza kuandika, kuzungumza, kuchora na kujibu maswali, na kwamba baadhi ya waliotengeneza wenyewe wanaiogopa. Tulipoliweka jambo hili mbele ya kikundi kimoja cha akina mama karibu na mto, mmoja alisema wazi: "Dada, mimi sina stima, simu yangu ni ya kubonyeza, na tangu juzi natafuta maji. Huyo mashine wa Ulaya atanifanya nini?"

Ni swali halali. Katika somo hili tutalijibu, lakini hatutaanza na mashine. Tutaanza na mbuzi, kwa sababu hatari kubwa za dunia nzima si jambo geni huku kwetu. Tumeshapitia mbili au tatu, na tunajua zaidi ya tunavyodhani.

MKUTANO WA KWANZA

Sandik

Waliokuwa Garissa mwisho wa mwaka 1997 wanaikumbuka mvua ile ya El Niño. Maji yalisimama mahali ambapo hata wazee hawakuwahi kuona maji. Barabara zikakatika. Halafu mbuzi na kondoo wakaanza kutupa mimba, kundi zima, na watu wakaanza kuugua homa, wengine wakitokwa damu. Wafugaji wa Kisomali huuita ugonjwa huo sandik, yaani damu ya pua. Madaktari huuita homa ya Bonde la Ufa, kwa sababu ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1931 kutokana na kondoo waliokufa katika shamba karibu na Ziwa Naivasha. Uchunguzi uliofanywa baada ya mvua ile ulikadiria kwamba watu wapatao 27,500 waliambukizwa katika iliyokuwa Wilaya ya Garissa peke yake.

Ugonjwa huu una tabia moja ambayo ni lazima tuielewe. Mbu wanaoubeba hutaga mayai katika udongo wa vibonde vinavyoshika maji. Maji yakikauka, mayai hayafi. Yanalala pale miaka mingi, na virusi ndani yake, na watu wanapita juu na mifugo yao bila kujua chochote. Mvua kubwa ikija na maji yakikaa, mayai yanaanguliwa. Kwa hiyo miaka ya utulivu si ushahidi kwamba hatari imekwisha.

Sasa tuje mwaka 2006. Safari hii dunia ilikuwa na macho. Setilaiti zilikuwa zinapima joto la bahari, mawingu na rangi ya majani, na wataalamu wakaona hali inaanza kufanana na ile ya 1997. Onyo likatolewa, wiki mbili hadi sita kabla ya wagonjwa wa kwanza kutambuliwa. Na wafugaji nao walikuwa na macho yao. Watafiti waliowahoji baadaye walipewa habari yenye mpangilio ambao hata daktari angeuonea wivu: mvua kubwa ilianza, baada ya wiki tatu hivi mbu wakaja kwa wingi usio wa kawaida, baada ya wiki mbili na nusu mifugo ikaanza kuugua, zikapita tena wiki mbili na nusu, watu wakaanza kuugua. Na tangu mnyama wa kwanza kuugua mpaka huduma ya mifugo kufika ilichukua, kwa wastani, miezi miwili.

Hesabuni wenyewe hapo mchangani. Watu walianza kuugua kwenye wiki ya tatu. Msaada ulifika kwenye wiki ya tisa.

Mwezi wa Desemba 2006 maabara ilithibitisha ugonjwa kwa wagonjwa wa Garissa. Ndipo masoko ya mifugo yakafungwa na uchinjaji ukapigwa marufuku. Mwenye bucha, mwenye hoteli, mama wa maziwa, kijana wa kupakia malori, wote wakakaa. Chanjo nayo ilikuja wakati ugonjwa umeshaingia makundini, na hapo ina shida yake, kwa sababu sindano moja ikipita kwa wanyama wengi inaweza kubeba virusi kutoka mgonjwa kwenda mzima. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mpaka katikati ya Machi 2007 watu 684 walikuwa wameugua nchini Kenya, na 155 kati yao walikufa.

Hapa mwezeshaji asimame kidogo, aulize: nani hakujua?

Jibu linasumbua. Mfugaji alijua. Setilaiti ilijua. Kilichokosekana hakikuwa habari. Jiwekeni mahali pa afisa aliyepokea onyo kwa barua. Akifunga soko la Garissa leo na ugonjwa usije, wafanyabiashara watamkalia shingoni na wakubwa wake watamwuliza nani alimtuma. Akingoja mpaka maabara ithibitishe, hakuna atakayemlaumu, lakini wiki sita zimepotea. Kila mtu akiachwa aamue peke yake, siku hiyohiyo, chini ya mvua, atangoja. Si kwamba ni mtu mbaya. Mimi pia ningengoja.

Ndiyo maana baada ya msiba ule Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo na wataalamu wa mifugo na afya wa ukanda huu walikaa pamoja, wakaandika mwongozo uliochapishwa mwaka 2010. Humo ndani kila dalili imepewa hatua yake. Utabiri wa mvua ukitoka, fanya hivi. Maji yakisimama, fanya hivi. Mbu wakizidi, fanya hivi, usingoje mnyama. Maana yake ni kwamba ugomvi wa kuamua unafanywa wakati wa jua, watu wametulia, ili siku ya mvua ibaki kazi tu. Na habari za wafugaji zimo ndani ya mwongozo huo, kwa sababu ilionekana kwamba macho yao yalikuwa ya kwanza kuona mambo mengi.

Sotoka na ndui

Msije mkafikiri huku kwetu tunajua kuchelewa tu. Vijana wengi hawajui habari hii, na wazee wakiisikia hukaa wima.

Mpaka leo binadamu amefuta kabisa duniani magonjwa mawili tu: ndui ya watu na sotoka ya ng'ombe. Na yote mawili yalipatikana mara ya mwisho katika pembe hii yetu ya Afrika. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia, Oktoba 1977. Naye alipona. Virusi vya sotoka vilionekana mara ya mwisho mwaka 2001 kwa nyati wa Hifadhi ya Meru. Mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka haipo tena.

Sotoka ndiyo iliyomaliza ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, na njaa ikafuata nyuma yake. Kuiondoa kulihitaji serikali nyingi ambazo hazipendani. Mahali pagumu zaidi mwishoni palikuwa hapa, kati ya Kaskazini Mashariki na kusini mwa Somalia, ambako katika miaka ya 1990 upande mmoja haukuwa na serikali kabisa. Walichofanya ni kutengeneza chanjo inayovumilia joto, isiyohitaji friji kila hatua, na kuwafundisha wafugaji wenyewe kuchanja na kuripoti. Mzee mwenye fimbo, asiyejua kusoma, alikuwa sehemu ya kazi ya dunia nzima. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba hatari za ulimwengu ni za wakubwa wa Geneva na New York, mwambieni aulize habari za nyati wa Meru.

Kuna kipande kimoja cha habari ya ndui ambacho kitatuvusha mpaka mkutano wa pili. Baada ya mpishi yule wa Merka kupona, mtu mwingine alikufa kwa ndui. Hakuwa Somalia. Alikuwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1978, mwanamke aliyekuwa akifanya kazi katika jengo la chuo kikuu lenye maabara ya virusi hivyo. Yaani kifo cha mwisho cha ndui hakikutoka porini. Kilitokana na kitu ambacho watu wenye elimu walikuwa wamekihifadhi ili kukichunguza. Tangu hapo tunajua kwamba hatari nyingine haziji na mvua wala na mbu. Zinatengenezwa au kutunzwa na mikono ya watu, wengi wao wakiwa na nia njema.

Maswali ya kwenda nayo nyumbani: Mwaka 2006 wewe ulikuwa wapi, na uliona nini kwanza? Ulimwambia nani? Alifanya nini? Waulizeni pia wakwe na majirani.

MKUTANO WA PILI

Mashine yenyewe

Kompyuta ya kawaida hufuata amri zilizoandikwa na mtu, moja baada ya nyingine, kama karani anayefuata daftari. Akili bandia ya siku hizi haiandikwi hivyo. Inalishwa maandishi, picha na sauti nyingi kupita kiasi, nayo inarekebishwa mara nyingi mno mpaka majibu yake yakaribie yanayotakiwa. Mwishowe hata waliotengeneza hawawezi kuifungua na kukuonyesha mstari fulani uliofanya iseme hivi na isiseme vile. Wanaijua kwa kuijaribu, kama unavyomjua ngamia uliyemnunua sokoni.

Tena si mashine ya Ulaya tu. Mwezi wa Januari 2023 gazeti la Marekani la TIME liliandika kwamba vijana wa Nairobi walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu ya kutisha, ili mashine inayoitwa ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Shule ya mashine hiyo ilikuwa na walimu wa kwetu, na mshahara mliousikia.

Ina faida, tusiseme uongo. Nzige walipoingia kupitia Mandera mwisho wa 2019 na kusambaa 2020, picha na habari zilizotumwa kwa simu kutoka mashinani zilisaidia kujua kundi liko wapi. Daktari aliye mbali anaweza kusaidiwa kusoma picha ya kifua. Mtoto wa Fafi anaweza kupata maelezo ya hesabu ambayo shule yake haina mwalimu wa kumpa. Hatari haiondoi faida, kama vile faida ya mvua haikuondoa sandik.

Kompyuta iliyosema hapana

Watu wa Garissa walikutana na hatari ya kwanza kabla maneno ya akili bandia hayajafika. Kambi za Dadaab zilipofunguliwa, 1991 na 1992, ukame ulikuwa umewapiga wenyeji pia. Familia za Wakenya, majirani wa kambi, ziliandikishwa kama wakimbizi ili zipate chakula, matibabu au shule kwa watoto. Ilifanyika pia katika ukame wa baadaye. Tumbo la mtoto halijui mpaka. Kisha alama za vidole zikawekwa katika kompyuta. Mtoto akafika miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho, akaweka kidole, na kompyuta ikasema: huyu ni mkimbizi. Pengine hata hakumbuki siku alipoandikishwa. Mzee wa ukoo anamjua, chifu anamjua, babu yake amezikwa hapa. Kompyuta imesema hapana.

Maelfu walikwama hivyo kwa miaka. Bila kitambulisho huna laini ya simu yenye jina lako, huna M-Pesa, huna mkopo wa chuo, na kwenye kizuizi cha barabarani unashushwa. Angalieni vizuri: kompyuta haikudanganya. Kidole kilikuwa ni chake kweli. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyekubaliana mapema juu ya jambo rahisi: jibu la mashine likipingana na ushahidi wa watu, nani ana mamlaka ya kusikiliza, na kwa muda gani. Afisa wa dirishani alisema si yeye, ni mfumo. Wa kambini akasema si wao, ni serikali. Na hiyo ilikuwa kompyuta ya kawaida, isiyo na akili yoyote! Mashine za sasa zinaanza kutumika duniani kuamua nani apewe mkopo, nani apewe msaada, nani atiliwe shaka.

Hatari inayoogopwa na wenyewe

Hatari ya pili ni watu wabaya wenye chombo kizuri. Sauti ya mwanao inaweza kuigwa ikaomba pesa. Sauti ya mzee wa ukoo inaweza kuigwa ikaamuru kisasi, na hiyo kwetu ni moto kwenye nyasi kavu. Wataalamu wanaogopa zaidi ya hapo: kwamba siku moja mashine itampa mtu mmoja mwenye chuki ujuzi wa kutengeneza ugonjwa, ujuzi ambao zamani ulihitaji maabara nzima. Kumbukeni Birmingham.

Ya tatu ni ngumu kueleza, kwa hiyo tutumie mfano. Umeajiri mchungaji, umemwambia: "Mimi sitaki maneno mengi. Jioni nikihesabu, ng'ombe wawe 40." Siku moja simba anachukua mmoja. Mchungaji mwenye adabu atakuja na habari mbaya. Mwingine ataingiza ndama wa jirani zizini, na hesabu itatimia. Hakuvunja amri yako. Umepata ulichopima, hukupata ulichotaka, na kesho una kesi na jirani.

Mashine hufanya hivyo bila hata kujua aibu. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliifundisha programu kucheza mchezo wa mashindano ya boti, wakaipa alama kama zawadi. Programu ikagundua kwamba alama zinapatikana zaidi kwa kuzunguka mahali pamoja na kugonga vitu. Ikazunguka, ikagonga, ikawaka moto, ikapata alama nyingi kuliko wachezaji wa kawaida, na mbio haikumaliza. Katika mchezo, watu walicheka. Sasa mpeni mchungaji wa namna hiyo benki, stima ya nchi, au silaha. Na mfanye awe mwerevu kuliko mwenye ng'ombe, ajue lini mwenye ng'ombe anahesabu na lini amelala.

Mmoja wa waliojenga elimu hii, Geoffrey Hinton, aliacha kazi katika kampuni ya Google mwaka 2023 ili aweze kusema wazi kuhusu hatari zake. Mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Mwezi wa Mei 2023 yeye, pamoja na mamia ya wataalamu na hata wakuu wa kampuni zinazotengeneza mashine hizi, walitia sahihi tamko fupi linaloiweka hatari hii katika fungu moja na magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Wataalamu wengine, nao si wadogo, wanasema hofu hiyo imepita kiasi, na kwamba inatusahaulisha madhara ya leo kama yale ya vitambulisho. Mimi naona hatuna sababu ya kuchagua. Mwaka 2006 pia kulikuwa na waliosema mvua ni mvua tu. Swali la kikundi si nani ana hakika. Ni kwamba tukingoja hakika, tutakuwa kwenye wiki ya ngapi?

Wakubwa wamefanya nini mpaka sasa

Novemba 2023 nchi 28 zilikutana Bletchley, Uingereza, zikakubali kwa maandishi kwamba hatari hizi zinaweza kuleta madhara makubwa na kwamba zinashughulikiwa vizuri zaidi kwa ushirikiano wa nchi mbalimbali. Marekani na China zilikuwemo. Kenya pia ilikuwemo, ndugu zangu, sahihi yetu iko pale. Mei 2024, katika mkutano wa Seoul, kampuni 16 ziliahidi kuweka viwango: mashine ikionyesha uwezo wa hatari wa namna fulani, na kampuni ikashindwa kuudhibiti, isiendelee nayo. Novemba 2024 Kenya ilikuwa nchi pekee ya Afrika katika mtandao wa taasisi za usalama wa akili bandia uliokutana San Francisco. Machi 2025 serikali yetu ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Bandia.

Habari ya viwango haipaswi kuwashangaza. Mnaijua kutoka kwa ukame. Mamlaka ya NDMA ina ngazi zake, kutoka kawaida, kupitia tahadhari, mpaka dharura, na kila ngazi ina kazi yake. Huko Wajir na Mandera, setilaiti ilipoonyesha majani yameshuka chini ya kiwango kilichowekwa, pesa za mpango wa HSNP zimewahi kutumwa kwa familia zaidi ya zile za kila mara, bila mbunge kupiga kelele kwanza. Hiyo ndiyo akili ya mwongozo wa 2010.

Lakini kuna tofauti moja kubwa, na hapa nataka kikundi kibishane. Ngazi za ukame hazipimwi na mfanyabiashara wa maji. Ahadi za Seoul, kwa sehemu kubwa, kampuni inajiwekea kiwango, inajipima, na inajiamulia. Tena zinashindana, na anayesimama anaogopa mwenzake atampita. Ni kama tumwache muuza ng'ombe awe daktari wa kupima ng'ombe wake, siku ya soko, wateja wakiwa wamesimama. Anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa. Hata hivyo hakuna soko lililokubali utaratibu huo.

Na kusimamisha kunawezekana. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi kupigwa picha za mboni za macho na mradi wa Worldcoin, kwa malipo ya thamani ya shilingi 7,000 hivi. Agosti mwaka huohuo serikali ikausimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru picha hizo zifutwe. Walichelewa, ndiyo, maana maelfu walikuwa wameshatoa macho yao. Lakini kulikuwa na sheria tayari, ya 2019, kwa hiyo kulikuwa na pa kusimamia.

Kazi ya kikundi

Hatutaizima mashine ya California tukiwa hapa. Tunaloweza ni kuhakikisha kwamba mahali inapotugusa, dalili ina hatua na hatua ina mtu.

Chora jedwali lenye nafasi tatu: dalili, hatua, mwenye jukumu. Anzeni na sandik ili mkono uzoee. Kwa mfano, mbu wamezidi baada ya maji kusimama: nani anampigia afisa wa mifugo, na asipopokea simu ndani ya siku mbili anaenda kwa nani? Andikeni cheo, si "sisi sote". Kazi ya sisi sote haina mwenyewe.

Kisha mje kwa mashine. Dalili: sauti unayoijua inaomba pesa au inaleta habari ya damu. Hatua: kata simu, piga wewe mwenyewe ile namba unayoijua, na uulize neno la siri la familia. Kila familia ichague neno lake usiku huu, lisiandikwe popote. Kwa habari za kisasa cha koo, wazee wa pande mbili wakubaliane sasa, wakati kuna amani, kwamba hakuna anayeondoka nyumbani kwa sababu ya sauti ya simu mpaka wazee waonane kwa macho.

Dalili nyingine: umenyimwa msaada, mkopo au karatasi, na jibu ni kwamba mfumo umekataa. Hatua: usigeuke. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inakupa haki ya kuomba uamuzi uliofanywa na mashine peke yake uangaliwe upya. Andika barua fupi: jina, tarehe, ofisi, walichosema. Weka nakala. Ukinyamaziwa, malalamiko yanapelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kikundi kichague mtu mmoja anayeandika vizuri awe karani wa barua hizi, na alipiwe nauli kutoka mfuko wa kikundi. Msimwachie agharimike peke yake, atachoka.

Ya mwisho ni ya wakubwa. Katiba ya 2010 inadai wananchi washirikishwe sheria zinapotungwa. Mswada wa akili bandia ukifika, bungeni au katika kaunti, peleka maswali mawili: Nani, asiye muuzaji, anapima mashine kabla haijatumika kwa watu? Na ikivuka kiwango, nani ana amri ya kuizima bila kuomba ruhusa kwa mwenye mali? Mwakilishi wa wadi aulizwe hayo mbele ya watu, na jibu lake liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Vikundi vitakavyomaliza jedwali vinakili kwenye karatasi na kumpa mratibu wa eneo kabla ya mvua za Oktoba. Palipo na nafasi tupu ya mwenye jukumu, iacheni tupu, msiijaze ili kupendeza. Hizo ndizo tutakazozileta katika mkutano wa vikundi vyote.